Mazimwi Arobaini na Moja ya Msumari

"Nimeua mazimwi arobaini na moja, na hakuna hata moja lililothubutu kunijibu!"

Maneno hayo Msumari aliyasema akiwa amesimama juu ya meza, siku baraza la mji lilipozindua ukumbi wake mpya, mbele ya watu mia tatu, mwenyekiti na mkewe, na mhunzi mmoja aliyekuwa amelala. Makofi yalipigwa mpaka mhunzi akaamka akidhani paa limeanguka. Msumari alipokuwa anashuka mezani akakanyaga kofia ya mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye aliyeomba radhi, eti kofia aliiweka vibaya. Hapo pima mwenyewe heshima yake ilifika wapi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mkavu, mwenye mabega ya mpagazi. Waliombatiza jina la Msumari walisema ukimgonga ndiyo kwanza anazidi kuzama. Alikuwa mwindaji wa mazimwi, ajira kamili ya mji, na ofisi alipewa: chumba kimoja nyuma ya Idara ya Mizani na Vipimo, dirisha lisilofunguka, kabati la mikuki, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuiondoa kwa kuwa picha yake ilimpendeza. Upande ule wa mto, mwindaji ni mtu na nusu. Fundi cherehani alimpitisha mbele ya foleni. Muuza nyama alimkatia pande lisilo na mfupa, na mteja aliyeguna aliongezewa mfupa wa jirani. Akina mama walimsogezea watoto wachanga awaguse paji la uso wapate ushujaa, na hata siku ana mafua aliwagusa vivyo hivyo, wakapata ushujaa na mafua.

Heshima hiyo iliishia katikati ya daraja.

Ng'ambo, watu wakimwona walifunika mdomo kwa kiganja. Kumtukana hawakumtukana, maana ili utukane lazima useme. Walinyamaza tu, duka zima, mtaa mzima, mpaka apite na mkuki wake, kisha maneno yakarudi nyuma yake kama maji yanavyojifunga nyuma ya mtumbwi. Watu wa huko wanaamini zimwi halimmalizi mtu. Mwili linakula, sauti inabaki ndani. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: upande wa Msumari hiyo ni methali ya kuwajazia watoto daftari, ng'ambo ni sheria. Kwa hiyo hawaui. Wanalitega zimwi, wanalishusha kwenye shimo lililozungushiwa mawe na vyuma nje ya mji, wanalilisha mbuzi, na siku ya mapumziko ndugu wanakwenda kukaa ukingoni wakaongea na mtu wao. Mwindaji kwao ni mtu anayewaua marehemu.

"Zimwi ni gunia lenye meno," Msumari alikuwa akisema. "Ukiona gunia linakusalimia, nenda hospitali."

Viganja vya watu baki havikumkosesha usingizi. Kiganja kimoja ndicho kilichomkosesha, cha mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani, aliyeolewa huko huko ng'ambo. Tangu siku Msumari alipoua zimwi lake la kwanza, lile lililomla mama yao, mdogo wake hakumpa neno. Miaka thelathini. Akimkuta dukani, kiganja. Akimkuta kwenye msiba wa shangazi yao, kiganja. Msumari alisema wamemlisha ujinga wa ukweni, akasema kwa sauti kubwa kila aliposikia watu wanasikiliza. Akiwa peke yake alijua kwamba kama mdogo wake angefungua kinywa hata kwa tusi, yeye angelipokea kwa mikono miwili na kulipeleka nyumbani.

Sasa, ili mtu aelewe yaliyotokea, ajue kwanza kazi ilivyofanywa. Upande ule zimwi likionekana, watu wanajifungia ndani na kupiga masufuria, madebe, vifuniko, chochote chenye kelele, mpaka mwindaji afike. Mwindaji naye kabla ya kuingia anaziba masikio kwa pamba iliyochovywa kwenye nta, kwa sababu mngurumo wa zimwi unapasua ngoma za masikio. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mzee aliyemfundisha, na mzee naye alifundishwa na mwingine. Hakuna aliyewahi kuuliza mngurumo huo aliusikia nani, wakati kila mtu ama ana sufuria mkononi, ama ana nta sikioni, ama ameshafika tumboni.

Mwaka huo sikio la kushoto likaanza kutoa usaha.

"Mama, humu unafuga nini?" nesi aliuliza, akichungulia kwa tochi.

"Nta. Kidogo kidogo."

"Tangu lini?"

"Miaka thelathini."

"Basi wiki mbili usitie kitu. Si pamba, si nta, si kidole."

"Na kazi yangu je?"

"Sikio la kufa halisikii dawa, mama. Na hili lako limeshaanza kuandika wosia."

Siku ya tatu ya zile wiki mbili, karani wa baraza alikuja ofisini anahema. Zimwi limeingia kwenye mashine ya kusaga unga iliyo kando ya mto, limemla msagaji, na siku ya tatu hii limejilaza mle ndani. Mji mzima hauna unga.

"Mbona siku ya kwanza hukuja?"

"Nilikuja. Ulikuwa kwa nesi. Ya pili nilikuja, ulikuwa umelala na sikio juu. Leo unaingia, Bi Msumari."

"Nimekatazwa nta."

"Funga kitambaa."

"Likinguruma?"

"Mngurumiane. Watu wanakula viazi siku ya tatu. Unajua viazi vinavyofanya watu wazima kwenye kikao kirefu? Jana mwenyekiti ameahirisha mkutano dirisha likiwa wazi."

Msumari angeweza kukataa. Lakini mtu aliyepanda juu ya meza na kutangaza arobaini na moja hawezi kushindwa na sikio. Akafunga kitambaa, akachukua mkuki, akaenda.

Ilikuwa saa saba mchana. Wapiga sufuria, baada ya siku tatu mikono imekufa ganzi, walikuwa wamepumzika kidogo wale viazi vyao. Mke wa msagaji peke yake ndiye aliyekuwa amekaa kibarazani upande wa pili wa barabara, sufuria mapajani, macho mekundu, anagonga kijiko kama mtu aliyesahau kwamba anagonga. Msumari akampungia mkono. Akasukuma mlango wa mashine.

Mle ndani unga ulikuwa umetanda kila mahali, juu ya magunia, juu ya mkanda wa mashine, juu ya kofia ya marehemu iliyoning'inia ukutani. Zimwi lilikuwa limekaa kando ya mashine, kubwa kama mkokoteni uliosheheni, ngozi kama gunia lililolowa, jeupe kwa unga kuanzia kichwani. Macho yalikuwa madogo kama vifungo vya shati. Msumari akainua mkuki.

"Funga mlango, unga unapeperuka."

Msumari akageuka, akafunga mlango.

Aliufunga kwa sababu sauti ilikuwa ya msagaji, na msagaji alikuwa akimwambia hivyo hivyo kila Jumamosi kwa miaka ishirini. Komeo lilipogota ndipo akakumbuka kwamba msagaji ameshaliwa. Akageuka polepole. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na zimwi.

"Na gunia lako ulikung'ute kwanza," likasema. Mdomo wake haukuchezacheza sana, kama mtu anayeongea huku amebana pini. "Mwezi uliopita uliniletea mahindi yenye kokoto, jino la mashine likavunjika. Nikasema nitamwambia. Nikaona haya, mtu mkubwa kama wewe."

Kasuku hurudia alichokisikia. Hili lilikuwa linamwambia jambo ambalo marehemu alikufa hajamwambia. Msumari akahisi mkuki unakuwa mzito, kisha unakuwa wa mtu mwingine, kisha akausikia unagonga sakafu.

"Mke wangu yuko wapi?" msagaji akauliza kutoka ndani ya zimwi. "Mbona kelele zile zimekoma? Siku tatu namwita, zile sufuria zinanifunika."

Watu walimwona Msumari akitoka mbio bila mkuki, mweupe kama mkate ambao haujaokwa, akaketi chini katikati ya barabara. Mke wa msagaji akasimama.

"Limekufa?"

Msumari akakitazama kijiko mkononi mwake. Aliwahi kuingia kwenye mapango, mashimo ya vyoo na bomba la maji machafu. Hapakuwa hata mahali pamoja palipomtisha kama kijiko kile cha yule mwanamke.

"Bado," akasema.

Karani akaja anakimbia. Msumari akamshika koti. "Linasema," akamnong'oneza. "Lina sauti yake. Linamwulizia mkewe."

"Usaha huo," karani akasema. "Umepanda kichwani."

"Usaha unajua habari za kokoto?"

Karani hakuelewa kokoto zipi, na Msumari hakumngoja aelewe. Alikuwa ameanza kuwaza arobaini na moja. Yalimpitia kichwani moja moja, midomo inacheza, na yeye masikioni ana nta. Alifika la arobaini, la thelathini, la kumi, akaona lile la kwanza linakuja, na kabla halijafika akasimama na kuelekea darajani, viatu vimejaa unga.

Mdogo wake alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Chumba kilijaa mvuke na harufu ya sabuni, wanawake watano kwenye meza tano. Msumari alipoingia, viganja vitano vikapanda mdomoni kwa pamoja. Mdogo wake aliendelea kupiga pasi kwa mkono wa pili, shati la hakimu, bila kuinua macho.

"Linasema," Msumari akasema.

Pasi ilikwenda, ikarudi.

"Mdogo wangu, zimwi linasema. Nimelisikia leo, kwa masikio yangu haya mabovu."

Pasi ikasimama. Ikakaa pale pale juu ya mgongo wa hakimu. Moshi mwembamba ukaanza kupanda, na hakuna aliyethubutu kuutaja. Kisha kiganja cha mdogo wake kikashuka.

"Leo?"

Neno la kwanza baada ya miaka thelathini, na lilikuwa swali.

"Leo, saa saba."

"Unataka kuniambia leo ndiyo mara ya kwanza?"

"Si huwa natia nta, mdogo wangu."

"Nta naijua! Niliikanda mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaikanda kwa vidole hivi, ikatosha masikio mawili tu. Yako. Mimi nikashika taa."

Msumari akashika ukingo wa meza. Miaka yote hiyo hakuwahi kulifikiria. Walikuwa wawili mle pangoni mwa lile zimwi la kwanza, na nta ilikuwa ya mmoja.

"Kwa hiyo ulisikia," akasema.

"Nilisikia yote. Na wewe ulisikia."

"Sikusikia kitu."

"Usinifanye mtoto, dada! Nilikuona kwa macho yangu!"

Wanawake wanne walikuwa wameshasahau viganja vyao hewani.

"Uliniona nikifanya nini?"

Mdogo wake alivuta pumzi kama mtu anayenyanyua ndoo. "Mama aliniita mimi kwanza. Akasema, kaa mbali na makali, wewe mdogo. Halafu akakugeukia. Mkuki ulikuwa umeushika kama mtu anayefagia uwanja. Akasema, 'Shika chini zaidi, mwanangu, utajikata.' Vile vile alivyokuwa anatuambia tukipasua kuni. Hukushika. Akarudia. Hukushika. Mara ya tatu ukateremsha mkono, ukashika chini, pale pale aliposema. Halafu ukamchoma."

Akauelekezea kidole mkono wa kulia wa dada yake.

"Miaka thelathini nasema moyoni, dada yangu alimsikia mama, akamtii, kisha akamwua. Mtu kama huyo nimpe sauti yangu aifanyie nini?"

 Msumari akaunyoosha mkono huo wa kulia, akautazama kama kitu alichoazimwa.

"Huu uliteleza," akasema. "Mpini ulikuwa na damu, nilikuwa nimeshajikata. Mkono uliteleza wenyewe ukashuka. Sikumsikia. Mdogo wangu, mama yangu alisema nami mara tatu na mimi sikumsikia."

Mdogo wake akamwangalia. Akaliangalia lile sikio la kushoto, usaha umechirizika mpaka shingoni na kuganda na unga. Akaketi juu ya kapu la nguo chafu.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ulifunika mdomo."

"Ungenifunua!"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Ulitoka mle umelowa damu, unacheka. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho watu wamekubeba mabegani. Kesho kutwa wamekupa ofisi."

"Ofisi yenyewe dirisha halifunguki," Msumari akasema, na wote wawili wakatoa sauti moja ambayo haikuwa kicheko wala kilio, na hapo ndipo shati la hakimu liliposhika moto. Mpiga pasi wa meza ya pili akalimwagia ndoo nzima.

Mdogo wake alikuwa wa kwanza kujifuta uso. "Hilo la kwenye mashine, liko hai?"

"Liko hai. Linamtafuta mkewe."

"Basi unakaa hapa unalia nini?" Akavua aproni. "Nakwenda kumwita shemeji yako."

Shemeji mtu ndiye aliyekuwa bawabu wa shimo, mwanamume mpole mwenye makovu mikononi. Alipomwona Msumari kiganja kilipanda, mkewe akakipiga kofi kikashuka. Akaja na mkokoteni wenye vyuma, wanaume watatu, kamba na mbuzi mmoja, wakavuka mto jua likiwa bado kali. Mbuzi alitangulia kuingia kwenye mashine, kamba zikafuata, na Msumari akashika kamba ya shingo kwa kuwa yeye ndiye aliyejua zimwi linaruka vipi. Lilimpasua mkono kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Likaruka hivyo huku sauti ya msagaji ikiomba samahani.

"Sifanyi mimi, Msumari! Funga kaza! Sifanyi mimi!"

Lilipotolewa nje, mji mzima ulikuwa umejaa barabarani. Karani akapaza sauti: "Pigeni!" Masufuria yakaanza. Madebe, vifuniko, kengele ya ukumbi mpya. Mkokoteni ukasonga katikati ya mshindo ule, zimwi limekaa ndani ya vyuma, mdomo unacheza, hakuna kinachosikika. Msumari akaenda moja kwa moja hadi kibarazani kwa mke wa msagaji, damu inamdondoka, akamshika mkono wenye kijiko.

"Nyamaza kidogo," akamwambia. "Sikiliza."

Yule mama alinyamaza kwa mshangao tu. Akasikiliza. Kisha akairusha sufuria ikavunja kioo cha duka, akapiga ukelele ambao kengele yenyewe iliuheshimu:

"Nyamazeni nyie! Nyamazeni! Mume wangu anaongea!"

Kelele zikafa moja moja, kutoka karibu kwenda mbali, mpaka ikabaki sauti ya msagaji peke yake, ya kila siku, yenye mafua ya unga.

"Mke wangu, ulikuwa wapi siku tatu?"

"Nilikuwa hapa napiga sufuria!" mwanamke akalia.

"Ndiyo maana. Na ile sufuria ni mpya, umeibonyeza?"

Akaufuata mkokoteni amekamata vyuma, wakibishana kuhusu sufuria mpaka darajani, na watu wakawapisha njia wameacha vinywa wazi. Hakuna aliyecheka. Vichwani mwao kila mtu alikuwa ameanza hesabu yake. Muuza nyama alikuwa na kaka yake aliyeliwa miaka tisa iliyopita, kando ya kisima. Zimwi lile lilikuwa la thelathini na nne la Msumari. Yeye mwenyewe alimbeba Msumari begani siku ile, akapiga sufuria kuliko wote.

Asubuhi yake Msumari alikwenda buchani, mkono umefungwa bendeji. Muuza nyama akaweka kisu chini.  Halafu akainua kiganja na kufunika mdomo wake, bila kufundishwa na mtu. Nyuma ya Msumari kwenye foleni akafunika mwingine, kisha mwingine, akina mama wale wale wa watoto wachanga. Msumari akasimama pale, akawaangalia mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza akaona kilichokuwa juu ya vile viganja. Macho hayakuwa na dharau. Yalikuwa ya watu waliokosa kusikia jambo na hawana tena pa kwenda kuliuliza.

Saa nne karani alichukua funguo za ofisi. Alizidai kwa ishara.

Sasa Msumari anafanya kazi kwa dobi, meza ya mwisho karibu na mlango, na ameshaunguza mashati sita. Ng'ambo bado wengi wanafunika mdomo akipita, hawajamsamehe, naye hajawaomba. Mdogo wake hafuniki. Anampigia kelele kutwa nzima, mvuke huu, kola ile, mikono yako hiyo, na Msumari anasikiliza kwa sikio moja, maana la kushoto halikupona.

Nyumba yake iko bado upande ule mwingine. Anavuka asubuhi na kurudi jioni, kwa miguu. Tiketi ya daraja ni sarafu mbili, naye siku hizi analipa kama mtu yeyote.